Umeme wa kijito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mitambo midogo ya maji

Majibu haya ni kwa kamati za vijiji, mafundi, na taasisi kama shule, hospitali na parokia zilizo karibu na kijito kisichokauka na zinazofikiria kufua umeme wao wenyewe. Mifano mingi inatoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yaani Njombe, Ludewa, Mufindi na Mbinga, ambako vijito vinateremka kwa kasi na mwaka una msimu mmoja mrefu wa mvua na mmoja mrefu wa kiangazi. Hesabu hazibadiliki ukivuka mpaka. Kinachobadilika ni kanuni za maji na za umeme.

Mtambo "mdogo" ni mdogo kiasi gani?

Kanuni za Tanzania humhesabu mzalishaji mdogo kuwa yule asiyezidi megawati 10. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa Mwenga, Mufindi, ulioanza kazi mwaka 2012, una megawati 4; unauza umeme kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa, na pia unasambaza vijijini. Mawengi, Ludewa, una kilowati 300. Uwemba, karibu na mji wa Njombe, haufiki megawati 1. Chini ya hapo iko mitambo ya kilowati 5 hadi 100 inayohudumia kijiji kimoja au viwili, shule ya bweni au kituo cha afya. Ukurasa huu unahusu hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo wenyeji wanaweza kuijenga na kuitunza kwa mikono yao.

Maji yanageukaje kuwa umeme?

Maji yaliyo juu yana nguvu kwa sababu ya uzito wake na urefu wa kuanguka kwake. Tunayachepusha kwenye banio, yaani ukuta mdogo unaokinga kijito, yanakwenda kwa mfereji wenye mteremko mdogo sana hadi tangi la juu, na kutoka hapo yanashuka ndani ya bomba lililofungwa mpaka nyumba ya mitambo. Chini ya bomba yana shinikizo. Shinikizo hilo linazungusha turbini, yaani gurudumu lenye mapanga au vikombe, turbini inazungusha jenereta, na ndani ya jenereta sumaku inayozunguka inasukuma mkondo kwenye nyaya za shaba. Maji yakishatoka kwenye turbini yanarudi mtoni yote.

Mfereji ni wa kubeba maji tu, haufui chochote. Kila sentimita ya kimo inayopotea njiani kwenye mfereji ni sentimita ambayo bomba halitaipata, na ndiyo maana mfereji mzuri unafuata kontua ya mlima, yaani mstari wa kimo kimoja, kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500 au hata 1,000.

Kijito chetu kitatoa kilowati ngapi?

Unahitaji namba mbili tu: mtiririko, yaani lita ngapi zinapita kwa sekunde, na mwanguko, yaani tofauti ya kimo kati ya uso wa maji kwenye tangi la juu na mashine. Urefu wa bomba hauingii hapa, wala kasi ya maji mtoni.

Hesabu kamili ni: kilowati = 9.81 × mita za ujazo kwa sekunde × mita za mwanguko × ufanisi. Kwa mtambo mdogo uliojengwa vizuri, weka ufanisi wa 0.6, ukijumlisha hasara ya turbini, mkanda na jenereta. Hesabu ya haraka inayotoka hapo: zidisha lita kwa sekunde kwa mita, ugawanye kwa 170. Lita 100 kwa sekunde na mwanguko wa mita 30 ni 3,000 ÷ 170, karibu kilowati 18. Mfano huu tutaurudia chini: kimo chake chote ni mita 32, na 30 ni zilizobaki baada ya hasara ya bomba.

Ukiambiwa na muuzaji kwamba mashine yake itatoa kilowati 28 kwa maji na kimo hicho, anakuahidi asilimia 95 ya nguvu yote iliyomo kwenye maji. Hakuna mashine ndogo inayofanya hivyo.

Tunapimaje mwanguko bila vifaa vya gharama?

Bomba laini la plastiki linaloonyesha ndani, la mita 20 hivi, na fito mbili zilizopimwa. Jaza maji, hakikisha hakuna mapovu, halafu panda mlima hatua kwa hatua: maji yana kimo kilekile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya usomaji kwenye fito mbili ni tofauti ya kimo cha ardhi. Andika kila hatua, jumlisha, kisha rudia ukishuka. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya asilimia 2 au 3, anza upya.

Njia nyingine ni kunyoosha mpira wa maji kutoka juu hadi chini, kuujaza, na kusoma geji ya shinikizo mwisho wake. Baa 1 ni mita 10.2. GPS ya simu isitumike kwa kazi hii: kwenye kimo inaweza kukosea kwa mita nyingi, na mita 5 kwenye mwanguko wa 30 ni sehemu ya sita ya umeme wako.

Na mtiririko?

Kijito cha chini ya lita 10 hivi kwa sekunde kinapimwa kwa ndoo na saa. Ziba, elekeza maji yote kwenye bomba, na hesabu sekunde za kujaza ndoo ya lita 20 au pipa la lita 200.

Kikubwa kidogo, tumia ubao wenye tundu la pembe ya nyuzi 90, uliozibwa pande zote na udongo wa mfinyanzi. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya pembe, ukisimama mita 1 au zaidi nyuma ya ubao ambako uso wa maji haujaanza kuinama. Mtiririko ni 1.38 × kimo kilichopandishwa kwa 2.5. Sentimita 20 ni karibu lita 25 kwa sekunde.

Kwa lita 50 na kuendelea, njia ya kielea inatosha kwa makadirio. Tafuta mahali penye mita 10 zilizonyooka. Pima upana na kina sehemu kadhaa upate eneo la wastani. Rusha kipande cha mti au chungwa (chungwa ni zuri zaidi kwa sababu linazama nusu na halisukumwi na upepo), rudia mara tano au zaidi, uchukue wastani. Maji ya juu yanakwenda kasi kuliko ya chini, hivyo zidisha kwa 0.7, na kwenye kijito chenye kina kifupi na mawe, 0.6. Upana wa mita 1.2 na kina cha mita 0.25 ni mita 0.3 za mraba. Sekunde 22 kwa mita 10 ni mita 0.45 kwa sekunde. Jibu: karibu lita 95 kwa sekunde.

Swali la maana kuliko njia ni lini upime. Nyanda za Juu Kusini maji huwa machache kabisa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Kipimo cha Machi kinaonyesha kijito kilichofura, na mtambo uliopangwa kwa kipimo hicho utakuwa na mashine kubwa inayokaa kiu nusu ya mwaka. Pima mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima ikiwezekana. Wazee wa kijiji waulizwe pia: wanajua mwaka ambao kijito kilikatika na jiwe ambalo maji ya mafuriko yalifika. Habari hiyo haipatikani kwenye ramani yoyote.

Je, tuchukue maji yote ya kiangazi?

Hapana. Kati ya banio na mahali maji yanaporudi kuna kipande cha mto ambacho kitabaki na maji mnayoyaacha nyinyi tu. Kuna samaki, kuna ng'ombe wanaonyweshwa, kuna kina mama wanaochota. Kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde husema ni kiasi gani kiachwe. Jengeni kiasi hicho ndani ya banio lenyewe, kwa tundu lililo chini ya mdomo wa mfereji, ili mto upate haki yake kwanza na mfereji upate kinachobaki. Kazi hii ikiachiwa mtu kufungua geti, usiku mmoja wa kiangazi haitafanyika.

Tununue turbini ya aina gani?

Mwanguko ndio unaochagua, halafu mtiririko.

Mwanguko mkubwa, mita 50 na zaidi, wenye maji kidogo: Pelton. Maji yanatoka kwenye nozeli, yaani mdomo mwembamba wa bomba, kama mshale na kupiga vikombe vilivyogawanyika katikati. Lester Pelton aliipatia hataza Marekani mwaka 1880 na umbo lake halijabadilika sana. Inapendeza kwa kuwa ukifunga nozeli moja kati ya mbili, ufanisi haushuki sana, jambo linalofaa kwa kiangazi. Kwa mwanguko wa mita 60 maji yanatoka kwenye nozeli kwa mita 33 hivi kwa sekunde, na vikombe vinatakiwa viende karibu nusu ya kasi hiyo. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 20, kikipimwa katikati ya vikombe, linafikia mizunguko 1,500 kwa dakika na kuunganishwa moja kwa moja na jenereta bila mkanda.

Mita 5 hadi 50 zenye maji ya kutosha: turbini ya mkondo mtambuka, ile yenye ngoma ya mapanga membamba ambamo maji hupita mara mbili, kuingia na kutoka. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa vijiji vingi. Inatengenezwa kwa vipande vya bomba la chuma vilivyokatwa na kuchomelewa, kwa hiyo karakana yenye mashine ya kukereza inaweza kuitengeneza na, muhimu zaidi, kuikarabati. Majani madogo yanayoingia mara nyingi hutoka yenyewe. Mfano wetu wa mita 30 na lita 100 unaangukia hapa.

Francis na Kaplan ni mashine nzuri sana kwenye mitambo mikubwa, lakini katika kilowati 20 zinadai usahihi wa kiwandani na vipuri vya kuagiza.

Pampu ya kawaida ya maji ikiendeshwa kinyume nayo inafanya kazi ya turbini. Ni rahisi kuipata, ina beringi na sili zake tayari. Kasoro yake: inakubali mtiririko mmoja tu. Maji yakipungua kwa robo, umeme unaanguka kwa zaidi ya robo, na yakipungua zaidi haizunguki kabisa. Itumike pale ambapo kiasi cha maji kitakachotumika kipo mwaka mzima.

Kwa nini mnasisitiza tangi la mchanga kuliko mashine?

Kwa sababu mitambo mingi hufia juu, kwenye banio na mfereji, huku jenereta ikiwa nzima. Maji ya masika yanabeba mchanga wa kwarzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Ukipita kwenye nozeli kwa mita 25 au 30 kwa sekunde unasaga kila kinachoguswa. Dalili ya kwanza ni ncha za mapanga kuwa kali kama wembe. Inayofuata ni umeme kushuka polepole huku maji yakiwa tele.

Chembe za milimita 0.2 na zaidi lazima zitegwe. Chembe hiyo inazama kwa sentimita 2 hivi kwa sekunde kwenye maji yaliyotulia, kwa hiyo maji yapunguzwe kasi hadi mita 0.2 kwa sekunde na yapewe muda. Kwa lita 100 kwa sekunde: tangi la upana wa mita 1, kina cha maji nusu mita, urefu mita 10. Hapo tumeshazidisha urefu mara mbili kwa ajili ya misukosuko ya maji. Chini ya kina hicho cha nusu mita ongeza nafasi ya kukusanyia mchanga, sakafu ikiwa na mteremko, na geti la kuusukuma nje mwishoni. Mlango wa kuingia upanuke taratibu. Maji yakiingia ghafla kwa pembe kali yanajipitisha katikati na pembeni panabaki na maji yaliyolala bila kazi.

Masika, geti hilo lifunguliwe kila siku, na baada ya mvua kubwa hata mara mbili.

Chujio liwe na nafasi ya kiasi gani?

Chujio ni nondo zilizopangwa mbele ya mdomo wa bomba kuzuia majani na takataka. Nafasi kati ya nondo isizidi nusu ya tundu jembamba kuliko yote ndani ya turbini. Chujio lilale kwa mteremko, nyuzi 60 hivi kutoka usawa, ili reki ipande nalo, na nondo zisimame wima bila kizuizi cha mlalo kwa juu. Lifanye pana mara kadhaa ya bomba. Majani ya migomba na ya mikaratusi yanaziba chujio dogo kwa saa chache.

Bomba: plastiki au chuma? La kipenyo gani?

Kipenyo kwanza, kwa sababu hapa ndipo watu hubana pesa vibaya. Lita 100 kwa sekunde kwenye bomba laini lenye upana wa ndani wa milimita 250 zinakwenda mita 2 kwa sekunde na kupoteza mita 1.3 ya mwanguko kwa kila mita 100 za bomba. Kwenye bomba la milimita 200 hasara ni zaidi ya mita 4. Tofauti ya mita 3 kwenye mwanguko wa 30 ni sehemu ya kumi ya umeme, kila saa, kwa miaka yote mtambo utakayokaa. Lengo letu ni hasara isiyozidi asilimia 10, ukijumlisha kona na mdomo.

PVC ni laini na rahisi, lakini jua linaidhoofisha; ifukiwe mita moja hivi. Poliethilini nzito inavumilia ardhi inayosogea na inaungwa kwa joto. Chuma kinavumilia shinikizo kubwa na kukaa juu ya ardhi kwenye miamba, ila kinahitaji rangi na viungo vya kutanuka kwa joto la mchana. Kila kona iwe na bonge la zege la kuishika. Kona isiyoshikwa inasukumwa kidogo kidogo mpaka kiungo kinaachia.

Kwa nini bomba letu lilipasuka wakati shinikizo lake lilitosha?

Mara nyingi ni pigo la maji. Mtu amefunga vali ghafla, au kipande cha mti kimeziba nozeli. Maji yaliyokuwa yanakwenda yanasimama, na nguvu yake inageuka shinikizo linalokimbia juu na chini ya bomba. Kwenye PVC, kusimamisha ghafla maji ya mita 2 kwa sekunde kunaongeza shinikizo la mita 70 hivi. Kwenye chuma, mita 200. Bomba la daraja la 6 linastahimili mita 60. Kimo chote cha mita 32 ukijumlisha 70 ni 102, na hapo limeshapita mbali.

Weka vali ya gurudumu inayofungwa kwa mizunguko mingi, usiweke ya mkono wa robo mzunguko. Kwa Pelton, tumia bamba la kukengeusha mkondo: dharura ikitokea, mkondo unasukumwa pembeni ya vikombe huku maji yakiendelea kutoka.

Kuna kupasuka kwa aina nyingine, ambako bomba linabonyea kuelekea ndani. Hilo ni ombwe: juu pamezibwa huku chini maji yanaendelea kutoka. Bomba wima la kupumulia, lililowekwa mara baada ya mdomo wa tangi la juu na kupanda kupita uso wa maji, linaondoa tatizo hilo kabisa. Gharama yake ni ndogo mno, kwa hiyo lisiachwe.

Mtambo unajuaje kukaa kwenye volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde?

Jenereta yenye ncha nne za sumaku inatoa mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Mashine kubwa zinashika kasi hiyo kwa kufungua na kupunguza maji. Mitambo midogo inafanya kinyume: maji yanaachwa wazi kiasi kilekile na mzigo ndio unaosawazishwa. Kidhibiti cha kielektroniki kinapima mizunguko. Wanakijiji wakizima taa, umeme uliobaki kinaupeleka kwenye hita zilizozamishwa ndani ya tangi la maji. Wakiwasha, kinaupunguza huko. Jenereta inaona mzigo uleule saa zote.

Hita hizo ziwe na uwezo wa asilimia 10 hadi 20 zaidi ya jenereta, na tangi liwe na maji yanayoingia na kutoka. Tangi likikauka, hita zinaungua kwa dakika chache, kidhibiti kinakosa pa kumwaga umeme, na turbini inapanda kasi. Turbini ya mkondo mtambuka isiyo na mzigo hufikia karibu mara 1.8 ya kasi yake ya kawaida. Volti zinapanda pamoja nayo na kuunguza balbu, redio na friji za kijiji kizima. Kwa hiyo kinga ya volti kubwa inayokata laini yenyewe si kitu cha kuongeza baadaye.

Tunaweza kutumia mota ya umeme kama jenereta?

Ndiyo, hadi kilowati 20 na kidogo zaidi ni chaguo zuri. Mota ya fezi tatu ikizungushwa juu kidogo ya kasi yake na kufungiwa kapasita inafua umeme. Haina brashi, ni ya bei nafuu, na fundi anayesuka mota anaijua. Udhaifu wake uko kwenye mizigo yenye mota kubwa. Ikizidiwa, volti zinaanguka hadi sifuri na sumaku iliyobaki ndani ya chuma inaweza kupotea. Ukiiwasha tena inazunguka bila kutoa kitu. Dawa: simamisha mashine, tenganisha laini, gusisha betri ya volti 12 kwenye ncha mbili za koili kwa sekunde chache, iondoe, kisha washa.

Kijiji kikitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa umeme, chukueni jenereta ya kawaida yenye kirekebisha volti chake.

Mashine ya kusaga ya kilowati 15 itaendeshwa na mtambo wa kilowati 18?

Ikishawaka, ndiyo. Kuiwasha ndiko kugumu. Mota ikianza moja kwa moja inavuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, na mtambo utazimika. Tumia kianzishi laini au kifaa cha kubadili kasi, au fungeni mota ya kilowati 7.5 yenye kinu kidogo. Mashine isage mchana, saa ambazo taa zimezimwa. Baadhi ya vijiji hukwepa tatizo lote kwa kufunga kinu kwenye shafti ya turbini kwa mkanda: mchana turbini inasaga, usiku inafua.

Kaya ngapi zitapata?

Kwa kilowati 18, kaya 150 zikipewa kikomo cha wati 100 kila moja saa za jioni ni kilowati 15, zikibaki 3 kwa hasara za njiani na taa za zahanati. Wati 100 zinatosha taa kadhaa za LED, simu, redio na televisheni ndogo. Pasi ya umeme moja ni wati 1,000, yaani sehemu ya kumi na nane ya mtambo. Jiko la umeme lipigwe marufuku tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, na kila nyumba iwe na kikatio cha mkondo kinachozima kwake tu pale anapozidisha.

Kutoza kwa uniti, kama LUKU, si njia pekee. Maji yanapita usiku kucha hata kama hakuna anayetumia, kwa hiyo gharama ya kweli iko kwenye wati za saa moja hadi nne usiku. Ada ya mwezi kwa kikomo alichochagua mtu ni rahisi kukusanya na haihitaji mita. Saa za mchana uzeni kwa bei nafuu kwa watu wa kuchomelea, saluni, kupoza maziwa na kutotolesha vifaranga, kwani umeme huo vinginevyo unachemsha maji ya tangi tu.

Nyumba ya mitambo inaweza kuwa mbali kiasi gani na kijiji?

Kilowati 18 kwa volti 400 za fezi tatu ni ampea 29 kila fezi. Waya wa alumini wa milimita 50 za mraba unapoteza karibu asilimia 8 kwa kilomita moja, na huo tayari ni mwisho wa kuvumilika. Zaidi ya hapo panahitajika transfoma mbili, ya kupandisha na ya kushusha. Radi za milimani hazina huruma: vikinga radi viwe pande zote mbili za laini, na athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ipimwe kiangazi udongo ukiwa mkavu, isizidi omu 10.

Umeme umepungua ghafla. Tuanzie wapi?

Anzeni juu, kwenye tangi. Kama maji hayafiki kiwango chake, kasoro iko kabla ya hapo: banio limejaa kokoto, panya au kaa wametoboa mfereji, au mtu juu amechepusha maji ya bustani. Msiguse mashine.

Kama tangi limejaa na linamwagika, someni geji ya shinikizo karibu na turbini. Kwa mtambo wetu wa mfano, mashine ikiwa imesimama inatakiwa isome baa 3.1, na ikifanya kazi 2.9. Ikisoma pungufu sana wakati wa kazi, chujio limeziba au kuna kitu ndani ya bomba. Ikisoma karibu na 3.1 huku inazunguka, kizuizi kiko kwenye mdomo wa turbini. Ikisoma sawa kabisa na umeme bado mdogo, tazameni mkanda unaoteleza, mapanga yaliyoliwa na mchanga, kisha jenereta.

Mizunguko ikishuka chini ya 50 na hita za tangi zikiwa baridi, hakuna kilichoharibika: kijiji kinatumia kuliko kinachofuliwa, au mtu amewasha jiko.

Sauti ya kokoto zinazogongana ndani ya pampu iliyogeuzwa, wakati chujio ni safi, ni mapovu ya mvuke yanayopasuka kwenye chuma. Yatakula gurudumu likawa na vishimo kama sifongo. Mara nyingi mashine imewekwa juu mno kuliko maji ya kutokea.

Matunzo ya kawaida ni yapi?

Kila siku: chujio, kiwango cha tangi, geji, volti, mizunguko, na mkono juu ya nyumba ya beringi. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, tafuta sababu. Grisi ikizidi nayo inapasha joto beringi, kwa hiyo wekeni kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Kila wiki tembeeni mfereji wote. Kila mwezi kazeni mikanda na boliti. Mikanda ibadilishwe seti nzima, kwani mpya uliochanganywa na mikuukuu unabeba mzigo peke yake na kukatika. Kila mwaka, Oktoba maji yakiwa kidogo, fungueni turbini, pimeni mapanga, tengenezeni banio kabla ya masika.

Waendeshaji wawe wawili au zaidi na walipwe mshahara kila mwezi. Mtu wa kujitolea atasafisha chujio kwa miezi michache, halafu msimu wa kilimo utafika.

Stoo isikose: seti ya beringi, seti ya mikanda, fyuzi, hita mbili, kirekebisha volti, kadi ya akiba ya kidhibiti, gasketi, grisi na bomba la urefu mmoja na kiungo chake.

Vibali gani vinahitajika Tanzania?

Kibali cha maji kutoka bodi ya bonde lenu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Masuala ya mazingira yanapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kumbukeni kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mto. Chini ya megawati 1 mradi hauhitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ila husajiliwa kwao. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ndio wa kuulizwa kuhusu ruzuku na msaada wa kitaalamu. Makubaliano ya ardhi ya mfereji na bomba yaandikwe na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kabla ya jembe la kwanza, pamoja na haki ya waendeshaji kupita kwenye mashamba saa yoyote.

TANESCO wakifikisha laini kijijini, mtambo unakufa?

Si lazima. Kanuni za miradi midogo zinaruhusu kuuza umeme kwenye gridi, au kununua kutoka gridi na kuendelea kusambaza, au vyote viwili. Lakini mtambo unaounganishwa na gridi unahitaji vifaa vya kulinganisha mizunguko na vya kujitenga papo hapo gridi inapokatika, ili usimuue fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna umeme. Jenereta ya mota yenye kapasita inayotumika peke yake kijijini haiunganishwi hivyohivyo. Basi tangu mwanzo simamisheni nguzo na nyaya za viwango vya TANESCO, hata kama za vipimo vya chini zingegharimu pungufu, maana laini isiyofikia viwango ndiyo itakayovunjwa kwanza.